Msimbo wa taasisi ukae katika seva ya taasisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida hujadiliwa na mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali hasara yake huwafika wakuu wa shule, wahasibu, waganga wakuu na wenye biashara ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Jambo lenyewe ni mahali unapotunzwa msimbo, yaani yale maandishi ambayo wasanidi programu huyaandika na kompyuta huyafuata ili itoe stakabadhi ya ada, ipange zamu za wauguzi au ihesabu magunia yaliyomo ghalani.

Mwaka juzi niliitwa na taasisi moja, ambayo sitaitaja kwa jina, baada ya mfumo wake wa ada kuanza kutoa stakabadhi mbili zenye namba moja. Nilipoomba kuonyeshwa msimbo wa mfumo huo, nilipelekwa kwa heshima zote hadi kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuonyeshwa seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Ndani ya seva ile mlikuwa na programu iliyokwisha kuandaliwa kwa matumizi, mithili ya mkate uliokwisha kuokwa. Vipimo vya unga na hamira havikuwamo. Msimbo wenyewe ulikuwa katika akaunti binafsi ya kijana aliyeutengeneza, kwenye huduma ya nje ya nchi, na akaunti hiyo haikufunguka bila tarakimu zinazotumwa kwenye namba ya simu ambayo kijana aliiacha alipokwenda kufanya kazi Muscat, na ambayo kampuni ya simu ilikwisha kumpa mteja mwingine. Kompyuta mpakato yake ya zamani aliiuza kabla ya kusafiri. Napenda ieleweke kwamba kijana huyo hakuwa mwizi wala mkaidi, kwa kuwa tulipompigia alipokea mara moja na alitamani kutusaidia, ila naye alikuwa amefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga. Ilituchukua majuma matatu kuiandika upya sehemu ya stakabadhi, na kwa muda wote huo wazazi waliandikiwa risiti kwa mkono, kwa karatasi ya kaboni.

Tangu hapo nimekuwa na hoja moja ninayoirudia hadi wenzangu wamenichoka: taasisi iliyolipia mfumo wa kompyuta inapaswa kuutunza msimbo wa mfumo huo katika seva iliyo chini ya mamlaka yake, na siku hizi jambo hilo haligharimu fedha nyingi. Gharama yake kubwa ni uangalizi, na sehemu kubwa ya barua hii itakuwa juu ya huo.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Wasanidi wengi duniani leo hutunza msimbo kwa kutumia Git, programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, pale watengenezaji wa kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo, walipoondolewa ruhusa ya kutumia bure programu ya kibiashara ya BitKeeper waliyokuwa wakiitegemea. Git huandika historia yote ya kazi: nani alibadilisha mstari gani, lini, na kwa sababu gani alizojieleza mwenyewe. Wenye kuijua watauliza mara moja kwa nini basi tuhangaike na seva, maadamu kila mwenye nakala ya ghala la msimbo, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git, huwa na historia nzima katika kompyuta yake. Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni kwamba nakala ya fundi huondoka na fundi, kama tulivyoona. Zaidi ya hayo, seva ndiyo baraza ambapo kazi za watu kumi hukutana, ndipo makosa yanapoorodheshwa na kujadiliwa, na ndipo inapoamuliwa nani anaruhusiwa kugusa kitu gani. Hayo hayamo ndani ya Git yenyewe. Huongezwa na programu ya seva.

Wengi wetu tumezoea kupata baraza hilo kwa GitHub, huduma ya mtandaoni ya kutunza msimbo iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Ni huduma nzuri, nami naitumia kwa kazi zangu za hadharani, kwa hiyo msomaji asinidhanie kuwa nahubiri chuki. Lakini ghala lililo kwa jirani linafuata sheria za jirani. Julai 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, wasanidi wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa kufikia maghala yao ya faragha, na wale wa Iran walisubiri hadi Januari 2021 ndipo GitHub ilipopata leseni ya kuwarudishia huduma kamili. Sisi hatumo katika vikwazo vya namna hiyo, ila tunayo matatizo ya aina yetu. Mnamo 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kila aliyekuwa Tanzania siku zile anakumbuka jinsi intaneti ilivyotambaa. Katika chuo ninachofundisha, wanafunzi waliendelea kuwasilisha kazi zao za msimbo bila hata kujua kwamba kuna waya uliokatika, kwa sababu seva yetu iko katika chumba cha pili kutoka darasani.

Sasa nije kwenye makontena, neno ambalo huwatisha watu bila sababu. Wakazi wa miji yetu wanalijua kontena vizuri: ni lile sanduku la chuma linaloshushwa bandarini, ambalo baada ya kuchoka na safari za baharini hukatwa dirisha, hupakwa rangi na kuwa duka la vinywaji au banda la kinyozi. Mwenye duka akiambiwa kiwanja kimeuzwa, huita winchi, ikalinyanyua duka zima pamoja na rafu na taa zake, ikalitua mtaa wa pili, na biashara ikaendelea jioni ileile. Kontena la kompyuta lilipewa jina kwa mfano huohuo. Programu hufungwa pamoja na kila inachokihitaji katika kifurushi kimoja kiitwacho taswira, na kontena huzaliwa kutokana na taswira hiyo katika kompyuta yoyote ya Linux iliyo tayari kulipokea. Si kompyuta kamili ndani ya kompyuta, kwa kuwa makontena yote hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kinacholifanya kila kontena lione mafaili yake tu na mtandao wake tu, na kulipimia mgawo wa kumbukumbu. Uwezo huo ulikuwamo katika Linux tangu zamani, ila ulihitaji mtu mwenye subira nyingi, hadi Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, ilipotoka mwaka 2013 na kuuweka katika amri chache ambazo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazimudu.

Seva yetu ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kuondolewa katika ofisi ya masijala, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski tuliyoinunua mpya. Tulianza kwa kuijaribu GitLab, mojawapo ya zile programu za seva nilizozitaja, tukaona ni kubwa mno kwetu, kwani peke yake inapenda GB 4 na zaidi hata kama watumiaji ni wachache. Tukahamia Gitea, programu ya kazi hiyohiyo ambayo timu ndogo inaweza kuitumia katika mashine yenye GB 1 tu. Gitea ilichipuka mwaka 2016 kutoka mradi mwingine uitwao Gogs, na mwishoni mwa mwaka 2022 nayo ikachipua Forgejo, inayosimamiwa na chama cha Codeberg cha Berlin, kwa ajili ya wale waliotaka mradi ulio mikononi mwa jumuiya badala ya kampuni. Zote tatu ni programu huria. Mgogoro wa Gitea na Forgejo ni mrefu na mimi si shabiki wa upande wowote. Taasisi ikichagua mojawapo itakuwa salama kuliko taasisi inayoendelea kuchagua.

Maelekezo yote ya kusimamisha seva yetu yamo katika faili moja la maandishi lisilofika mistari 40. Faili hilo linataja makontena mawili, moja la Gitea na la pili la PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotunza watumiaji, ruhusa na mijadala, linaonyesha mlango wa 3000 (mlango ni namba ambayo kompyuta hupokelea mawasiliano ya aina fulani) kuwa wa kivinjari, na linaelekeza mlango wa 2222 wa kompyuta uingie mlango wa 22 wa kontena, ambao ndio wa SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta ukiwa mbali, kwa kuwa mlango wa 22 wa kompyuta yenyewe tayari unatumiwa na mafundi. Ukiandika amri moja, taswira hupakuliwa na seva husimama. Jihadhari kidogo na huko kupakua: tangu Novemba 2020 Docker Hub, bohari ya mtandaoni ya taswira, iliweka kikomo cha upakuaji kwa asiyejisajili, mwanzoni mara 100 kwa kila saa 6 kwa anwani moja ya intaneti, na darasa zima la chuo huonekana huko nje kama anwani moja. Mwaka wa kwanza nilikigonga kikomo hicho katikati ya somo mbele ya wanafunzi 40. Siku hizi taswira nazipakua usiku, nazihifadhi katika flashi, na wanafunzi wanapeana kama wanavyopeana miziki.

Hadi hapo ni kazi ya saa moja, na ndipo wengi hupiga picha ya skrini, wakamtumia mkuu wao na kutangaza kwamba mradi umekamilika. Sisi pia tulitangaza.

Juma la pili tulibadilisha mpangilio fulani, tukaliondoa kontena na kuliinua jipya, na seva ikatupokea kama wageni: hakuna mtumiaji, hakuna ghala, ni ukurasa wa kuanzia tu. Kosa lilikuwa letu. Kontena limeumbwa ili litupwe na kubadilishwa, kwa hiyo bidhaa za duka hazipaswi kulazwa humo. Folda ya kontena yenye data inatakiwa kufungamanishwa na folda ya kompyuta yenyewe, na mstari wa kufanya hivyo tulikuwa tumeusahau. Kwa bahati njema Docker ilikuwa imezitunza data zetu katika hifadhi isiyo na jina, ambayo kontena jipya halikuwa na habari nayo, na tulishinda kutwa nzima tukiisaka miongoni mwa hifadhi nyingine ishirini zenye majina ya tarakimu na herufi zisizosomeka. Mwezi uliofuata nilisoma kwamba PostgreSQL mpya imetoka, nikabadilisha namba ya toleo katika faili na kuinua kontena upya, na hifadhidata ikagoma kuwaka, kwa sababu toleo kuu jipya halisomi mafaili ya toleo kuu lililotangulia mpaka data zihamishwe kwanza kwa utaratibu wake maalumu. Nikairudisha namba ya zamani, seva ikaamka, nami nikajifunza kutotumia kamwe ile lebo ya “latest”, ambayo huleta toleo lolote lililo jipya siku hiyo bila kumuuliza mtu.

Kosa la tatu ndilo lililonitia aibu zaidi, maana usalama wa mitandao ndilo somo ninalolifundisha. Niliweka ukuta wa moto, yaani programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa kuingia katika kompyuta, nikafunga milango yote isipokuwa niliyoikusudia, nikaamini nimemaliza. Sikukumbuka kwamba Docker huandika kanuni zake yenyewe za mtandao, na mlango unaotangazwa na kontena hufunguka hata kama ukuta wa moto uliouzoea unadai umeufunga. Hifadhidata yetu ilikuwa imetangaziwa mlango bila sababu yoyote, na mwanafunzi mmoja akanionyesha, kwa adabu, kwamba anaifikia akiwa bwenini. Ni yeye pia aliyegundua kuwa ukurasa wa kujisajili uko wazi kwa yeyote. Kwa seva inayofikika kutoka nje, uwazi huo huwaalika watu na mashine kufungua akaunti za uongo na kujaza matangazo, kwa hiyo usajili tuliufunga na akaunti hufunguliwa na msimamizi.

Lakini, Ndugu Mhariri, makosa hayo yote ni madogo ukiyalinganisha na nakala rudufu. Nitalieleza tukio lililoandikwa hadharani na waliopatwa nalo wenyewe. Usiku wa 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kutunza misimbo ya watu, alikuwa akihangaika na hifadhidata ya pili iliyoachwa nyuma na ile kuu. Akatoa amri ya kufuta folda, na baada ya sekunde moja au mbili akagundua kuwa alikuwa katika seva kuu. Kati ya takriban GB 300 zilibaki kama GB 4.5. Wakaziendea nakala rudufu. Ilitakiwa zitolewe kila siku, lakini programu iliyotumika ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilishindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Njia zao tano za kujikinga, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Maghala ya Git yenyewe yalisalimika, ila yaliyofanyika katika hifadhidata kwa zile saa sita, yakiwamo maoni takriban 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700, yalipotea. Nawaheshimu kwa sababu walieleza kila kitu, hadi kuonyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye mtandao huku dunia ikitazama.

Niliposoma taarifa yao nilitaka kujua sisi tukoje. Nikachukua kompyuta tupu, nikamkabidhi msaidizi wangu nakala ya usiku uliopita na kumwambia aisimamishe seva bila kuniuliza neno. Msimbo ulirudi wote. Watumiaji hawakurudi, ruhusa hazikurudi, wala mijadala ya mwaka mzima, kwa kuwa tulikuwa tukinakili folda ya maghala peke yake na kuisahau hifadhidata. Sasa kila saa nane usiku hifadhidata hutolewa kwa amri yake rasmi, kwani kunakili mafaili yake hivihivi huku inafanya kazi kunaweza kukupa nakala isiyofunguka. Maghala hunakiliwa, faili la mipangilio na funguo zake za siri hunakiliwa, na kila Ijumaa diski moja hutoka nje ya jengo. Hilo la kutoka nje ya jengo nalisisitiza, kwa sababu moto, mafuriko na mwizi havitofautishi seva na nakala yake zikiwa katika rafu moja. Mara moja kila muhula tunarudia lile zoezi la kompyuta tupu, na tunaandika limechukua dakika ngapi.

Sitaki nionekane namshauri kila mtu ajengewe seva. Duka lenye fundi mmoja wa kibarua, au asasi isiyo na umeme wa kuaminika wala kifaa cha kuhifadhi umeme, itakuwa salama zaidi ikibaki katika huduma ya nje, mradi akaunti ifunguliwe kwa jina la asasi na barua pepe ya asasi, na watu wawili wawe na uwezo wa kuifungua. Seva isiyofanyiwa masasisho kwa mwaka mzima ni hatari kuliko kutokuwa na seva. Vilevile niwaonye wale wanaosema kwamba kuwa na seva yao wenyewe kumekwisha kuwatimizia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: sheria hiyo haijali kontena. Nimeona maghala ya msimbo yenye majina na namba za simu za wagonjwa halisi, yaliyoachwa humo na msanidi aliyetaka data za kujaribia, na kwa kuwa Git haisahau, kulifuta faili leo hakuliondoi katika historia ya jana.

Ninachokiomba kwa wakuu wa taasisi ni kifungu kimoja katika mikataba ya kutengenezewa mifumo: malipo ya mwisho yasitolewe hadi ghala la msimbo, pamoja na historia yake yote, liwe limehamishiwa katika seva au akaunti ya taasisi, na fundi wa taasisi aujenge mfumo kutokana na ghala hilo, mbele ya msanidi, bila kusaidiwa. Msanidi mwaminifu hatakataa. Kwa wenzangu walimu wa vyuo, naomba mtihani wa vitendo uwe na swali la kurejesha seva iliyokufa, kwani tunao vijana wengi wanaojua kupeleka msimbo GitHub na wachache mno wanaojua unapofikia.

Taasisi ile ya stakabadhi sasa ina seva yake, katika chumba kilekile chenye kiyoyozi. Nywila ya msimamizi mkuu imo katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la mhasibu, na juu ya bahasha imeandikwa tarehe ya mwisho ambayo nakala rudufu ilijaribiwa na ikafunguka. Mhasibu hajui Git ni nini, lakini tarehe hiyo ikipita miezi mitatu hunipigia simu.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro.